Mamba Aliyesimama Juu ya Chanja

Toi lenyewe lilikuwa baya, niseme ukweli. Mamba wa plastiki, kijani kilichopauka, mkia umetafunwa na panya, mguu mmoja wa nyuma umefungwa kwa waya wa shaba. Lakini ukikisukuma kichwa chake nyuma, ukakunja mkia na kuvuta kifua, alisimama. Akawa askari wa chuma mwenye macho mekundu, na taya zake zikawa mabega. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa Ujiji, binti wa muuza dagaa, na roboti kama hizo nilikuwa nimeziona kwenye video ya jirani tu, tena kwa kuchungulia dirishani.

Aliyekuja naye alikuwa msichana wa rika langu kutoka ng'ambo ya ziwa. Ni ile miaka boti zilikuwa zinatua mwaloni, ufukweni kwetu, zimejaa watu, magodoro na sufuria, watu waliotimuliwa na vita Kongo. Wakishaandikishwa walikaa chini ya maturubai siku mbili tatu, kisha malori yakawapeleka kambini. Turubai lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye chanja ambazo mama yangu alianikia dagaa. Alikuwa amevuka na majirani. Yeye na mama yake walipotezana siku ya kukimbia, na kila boti ilipotia nanga aliingia majini mpaka magotini kutazama nyuso.

Siku mbili tulicheza. Akanieleza kwamba mamba yule ni muasi. Boksi lake lilikuwa na picha na maandishi, baba yake akamsomea: wanyama wale walikuwa jeshi la mkubwa mmoja katili, wakachoka kutumwa maovu, wakamgeuka. Wakaondoka kundi zima, mamba, nyigu, kifaru na popo. Tangu hapo jeshi lao la zamani linawawinda, na jeshi la pili, adui wa lile la kwanza, haliwaamini. Ndiyo maana wanajigeuza wanyama, wakae porini wasijulikane. "Waasi ndio wazuri," akasema kwa sauti, na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akatukemea: "Nyie watoto! Neno hilo msilitaje hapa. Hawa watu wote wamekimbia waasi." Baadaye msichana akaninong'oneza kwamba wale wake ni wengine.

Akaniambia na siri. Kwao, mama yake alikuwa anatoka mapema kwenda shamba na yeye anakwenda shule, kwa hiyo wakapatana waachiane habari kwa mamba huyu dirishani. Akiwa amelala: nipo karibu, ningoje. Akiwa amesimama: nimeondoka, uliza njia unifuate. Mwingine yeyote angeona toi tu.

Siku ya tatu lori likaja. Mama yangu alikuwa amekwenda sokoni Mwanga kuuza dagaa, nimebaki peke yangu kufukuza kunguru. Msichana akaja mbio, akamgeuza mamba akasimama, akamfunga kwa uzi wa nyavu juu ya nguzo ya kona ya chanja, uso ziwani. "Mama akifika atamuona," akasema. "Wewe mwambie ni kambi gani." Akanitajia kambi, akataka niirudie mara mbili. "Na usimgeuze, ee? Usimgeuze." Nikaapa haki ya Mungu, tena kwa mkono kifuani. Lori likaondoka na vumbi lake.

Hata jua halijazama, nilikuwa nimeshakata ule uzi.

Mama alipomuona mamba mkononi mwangu akauliza katoka wapi. Ningeweza kusema yote. Lakini mama yangu kwa amana za watu alikuwa hana mchezo. Angesema kirudishe pale pale na usikiguse. Kwa hiyo nikasema: "Ni la yule msichana wa turubai. Kaniachia nimtunzie, kasema atarudi kulichukua." Mama akasema haya, tunza vizuri, cha mtu hicho, tena cha mkimbizi. Uongo ule ulitoka laini mpaka mwenyewe nikaufurahia.

Basi jioni nacheza naye nyumbani, asubuhi namrudisha juu ya nguzo, amesimama vilevile. Nikajiona mjanja kweli. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Asubuhi moja nilichelewa shule, ule mguu wa waya ukagoma, mamba kila nikimsimamisha anaanguka. Nikamlaza juu ya chanja, alivyo, mamba mzima. Nikaondoka zangu.

Niliporudi mchana nikamkuta mwanamke amekaa chini ya chanja na mamba mapajani. Amekonda, miguu imevimba, kitenge kimoja tu mwilini. Mama yangu alikuwa anampa uji. "Njoo hapa!" akaniita, uso wote unacheka. "Huyu ndiye mama yake rafiki yako! Kateremka boti ya asubuhi. Mungu mkubwa jamani!"

Yule mwanamke alikuwa analia na kucheka pamoja. "Mtoto yangu iko karibu," akasema, anampapasa mamba mgongoni. "Amemlaza. Amesema nimngoje." Mama yangu hakujua habari ya kulala wala kusimama, akadakia na lake: "Si ndiyo hivyo? Binti yangu alisema atarudi kulichukua. Si ulisema, wewe?"

Wote wawili wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Msinihurumie kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua. Jina la kambi lilikuwa mdomoni mwangu, ni kufungua tu. Lakini kulisema ilibidi niseme na kwamba nilikata uzi, na kwamba nilimgeuza mamba, na kwamba nilidanganya, na kila moja lilikuwa na fimbo yake. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake lori likaja. Waandikishaji wakamwita apande. Akakataa. Wakambembeleza, wakamkaripia, akashika nguzo ya chanja kwa mikono miwili: "Mtoto amesema nimngoje!" Lori likaondoka na nafasi yake wazi, kwenda kulekule alikokuwa mwanawe. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ufagio, nafukuza kunguru ambao hata hawakuwepo. Mchana akazunguka Ujiji nyumba kwa nyumba akiuliza, anaonyesha kimo kwa kiganja, kisha akarudi kukaa. Siku ya pili hivyo hivyo. Chakula kilinikataa. Mama akadhani nina homa.

Siku ya tatu, adhana ya alfajiri ilipokwisha, nilitangulia mwaloni. Alikuwa amelala chini ya chanja, mkono chini ya shavu. Nikamchukua mamba polepole, nikamgeuza, nikaukaza ule waya kwa meno, akasimama. Nikamfunga juu ya nguzo kama alivyokuwa siku ile ya kwanza. Niliona nimepata dawa: ataamka, atamuona amesimama, atajua mtoto kaondoka, atafuata malori, na mimi sitafungua mdomo. Nikajificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa nimuone akifurahi.

Aliamka. Akainua macho, akamuona. Hakufurahi. Akasimama, akamgusa, kisha akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. "Alipita! Mtoto yangu alipita hapa! Aliniona nalala, akaenda!" Akainama kutafuta mchangani, akakuta nyayo. Ndogo, za miguu mitupu, mbichi. Akaweka kiganja chake ndani ya mmoja. Hata hakuangalia zinaelekea wapi. Akamnyakua mamba kutoka kwenye nguzo, akakimbia kupanda barabarani.

Ndipo mdomo wangu ukafunguka. Nilimkimbilia nikiita, "Mama! Mama, ngoja! Si yeye!" Kila mwanamke barabarani akageuka isipokuwa yeye. Nilipofika barabara kubwa nikaambiwa kuna mama kapanda gari la kwenda Mwandiga, analia, na toi mkononi.

Siku hiyo nilimwambia mama yangu kila kitu. Alinipiga, kisha akatupa fimbo, akakaa chini akalia yeye. Tulikwenda pamoja kwa waandikishaji, nikataja kambi, wakaandika. Hatukupata jibu kamwe.

Sasa nina wanangu. Siku zangu nzuri nasema walikutana, mtoto akamweleza, wakanilaani pamoja, na laana yao naipokea. Lakini kama hawakukutana, basi yule mama amezeeka mahali akiamini kwamba mwanawe alisimama juu yake alfajiri ile, akamtazama amelala, akamwacha.

Hakupita, mama. Zile nyayo zilikuwa zangu.