Kila Akiwasha Pasi, Kitu Kinaungua

Mwanamke nisiyemjua aligonga mlango wetu saa nne asubuhi, mkononi ana pasi.

Nikadhani anauza.

"Wewe ndiye injinia?"

"Nimemaliza chuo," nikasema. Hilo ni jibu la mtu ambaye bado hajaanza kazi.

"Basi nifuate. Mume wangu yuko safarini, na mama mkwe amesema leo jioni nirudi kwetu. Eti nina mkosi. Kila nikiwasha hii pasi, kitu kinaungua."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Televisheni iliungua akipiga pasi. Wiki moja baadaye friji likafuata, akipiga pasi. Balbu za sebuleni hazihesabiki. Na ndoa yenyewe ina miezi mitatu tu.

Njiani nikamwambia, "Nikiipata sababu, nitaitaja mbele ya mama mkwe wako. Iwe nini, iwe nani."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Barabarani maneno ni mepesi.

Mama mkwe alinitazama kuanzia viatu. "Haya, injinia wa vyeti. Umeme wangu hauna neno. Tesita inawaka kila tundu."

Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Tesita inakwambia umeme umefika. Haikwambii kama una njia ya kurudi.

Nikapima kwa kipimo changu cha volti. Sebuleni volti mia mbili sitini, wakati kawaida yake ni mia mbili thelathini. Chumbani kwa bi harusi, mia moja tisini. Nikamwambia awashe pasi.

Chumbani zikaporomoka hadi mia moja thelathini. Sebuleni zikaruka hadi mia tatu na kumi, balbu ikang'aa mpaka mama mkwe akajikinga macho.

"Umeona? Kisirani hicho."

"Zima," nikasema.

Nilishaujua ugonjwa. Nyumba ile ililetewa umeme kwa nyaya tatu, na zote zinategemea waya mmoja wa kurudia, yaani nyutro. Nyutro ikiachia, vyumba vinaanza kunyang'anyana. Huyu akishinda njaa, mwenzake anavimbiwa.

Nikazima swichi kuu pale kwenye mita, nikamsimamisha bi harusi mbele yake.

"Asiwashe mtu mpaka nishuke. Mkono wangu utakuwa kwenye waya."

"Hawashi mtu."

Nikapanda darini.

Kule juu huwezi hata kupiga magoti. Nikatambaa kwa tumbo, misumari ya bati inanikwaruza mgongo, vumbi puani, joto kama la tanuri. Kugeuka haiwezekani. Mbele kabisa, juu ya mlango wa jikoni, nikaikuta. Nyutro kubwa ilikuwa imekatwa, ikaunganishwa na waya mpya wa kijivu kwa kusokotwa na vidole tu, ikavikwa tepu. Tepu imeyeyuka. Nilipogusa, ncha zikaachana zenyewe.

Ndipo nikasikia mlango wa chini ukifunguliwa.

"Karibu fundi, afadhali umeitikia simu yangu," mama mkwe akasema. "Wewe ndiye uliyepitisha waya wa pampu huko darini wiki ile ya harusi. Hebu mwambie huyu binti kama kazi yako ina kasoro."

"Kazi yangu? Thubutu. Miaka thelathini niko kwenye umeme, mama. Shida ya nyumba hii si nyaya. Wapo watu wana nyota mbaya, basi."

Sauti ile naijua kuliko yangu.

Alikuwa mjomba. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, akanisomesha mpaka chuo. Na Jumatatu nilikuwa naanza kazi kwenye karakana yake.

Nikaganda. Mbele ukuta, nyuma giza, mkononi kosa la mjomba. Ningeweza kubana waya vizuri, nikafunga tepu mpya, nikashuka nikasema sijaona kitu. Hakuna kitu kingeungua tena. Bi harusi angerudi kwao, na mimi ningekuwa na kazi.

"Washeni nipime," mjomba akasema.

"Hapana." Alikuwa bi harusi. "Kuna mtu juu."

"Toka hapo," mama mkwe akasema. "Ukinibishia ndani ya nyumba yangu, hiyo jioni ni mbali. Utaondoka sasa hivi."

"Nitaondoka, mama. Lakini akishashuka."

Hakujua hata jina langu.

Nikatambaa kinyumenyume, nikashusha miguu, kisha mimi mzima, mweusi kwa vumbi, mkononi kipande cha waya ulioungua.

Mjomba akanitazama. Akautazama waya. Akanikonyeza taratibu, kama afanyavyo mbele ya wateja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akajibu chini chini.

Nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, mkwe wako hana mkosi. Nyutro ilikatwa wakati wa kuweka pampu, ikasokotwa kwa mkono bila kubanwa. Pasi inakula umeme mwingi, ndiyo maana ikiwashwa vyumba vingine vinazidiwa. Aliyefanya kazi hiyo ni mjomba wangu, na ndiye huyu."

Mama mkwe akakaa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza alimtazama yule binti usoni. Habari ya kurudi kwao jioni hakuitaja tena.

Mjomba akachukua mkoba wake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Jumatatu usije."

Sikwenda. Bado natafuta kazi, na bado namsalimia kila asubuhi, ipo siku ataitika. Lakini wewe unayesoma hapa, kabla hujamwita mtu mkosi, pima. Na ukishapima, jibu lake usiliache darini, hata kama litakushusha wewe kwanza.