Kiuno cha Don Abundio

Don Abundio Tuz alikuwa ametembeza wageni kwenye magofu ya Tixpuc kwa muda mrefu hivi kwamba baadhi yetu tulimhesabu miongoni mwa mawe. Alisifika kwa mambo mawili: hakuwahi kumpoteza mgeni, na hakuwahi kumchekesha. Maelezo yake aliyatoa kama karani wa mahakama anayesoma hukumu ya mtu mwingine.

"Hili ni hekalu. Lilijengwa na mababu zetu. Kwa nini walilihama, hatujui. Twendeni."

Hilo "hatujui" ndilo lilikuwa fahari yake. Aliligawa bila choyo, mbele ya kila ngazi na kila jiwe la nakshi, mpaka mwisho wa safari mgeni alikuwa amejifunza mambo mengi sana yasiyojulikana.

Kisha Gaspar Noh akarudi kutoka Cancún. Alikuwa mhudumu katika hoteli za ufukweni, na alirudi na kofia ya nyasi, meno yaliyonyooka, na kipaza sauti kidogo cha kuning'inia shavuni. Gaspar hakuwa na "hatujui" hata moja. Alipofika chini ya piramidi alipiga kofi, na mwangwi ukarudi kutoka ngazini ukilia kama ndege, na hapo aliinama kumshukuru ndege. Kwenye senote, kile kisima chetu cha pangoni ambacho wageni huja kuogelea, alisimulia habari za binti mfalme aliyejirusha majini kwa ajili ya mapenzi. Wanawake wazima walivuka nusu ya dunia kuja kulia Tixpuc.

"Binti mfalme gani huyo?" don Abundio alimwuliza siku ya kwanza. "Nani alimwona akiruka?"

"Don Abundio," Gaspar akajibu kwa adabu, "kama angeonwa, si angezuiwa?"

Tuliokuwepo tulicheka. Don Abundio alikwenda nyumbani na kicheko hicho kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakikushuka.

Wivu una namna nyingi, na yeye alizipitia zote kwa utaratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Alianza na kofia. Akaja kwenye meno. Kisha kwenye kinu cha mahindi ikatundikwa picha ya Gaspar akiwa katikati ya mabibi wawili wa Denmark, na don Abundio akaanza kumtuma mkewe kusaga unga kwenye kinu cha kijiji cha pili. Mwishowe akapiga kofi yeye mwenyewe chini ya piramidi, asubuhi moja kabla ya mabasi kufika. Akasikiliza. Akapiga tena.

"Hata mwangwi unamwitikia yule vizuri zaidi," alimwambia mkewe, doña Bernardina.

"Mwangwi hauna mtu, Abundio."

"Ndiyo nasema. Hauna mtu, na bado unambagua mtu."

Binti yao Neydi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Walimwita Irving, jina ambalo baba yake, Wilberth Canché, alilisikia kwenye mpira wa televisheni. Kwetu mtoto mchanga hubebwa amelazwa mikononi tu. Hawekwi kiunoni akiwa amepanua miguu mpaka ifike siku yake: wa kike katika mwezi wa tatu, kwa kuwa jiko lina mafiga matatu, wa kiume katika mwezi wa nne, kwa kuwa shamba la mahindi lina pembe nne. Siku hiyo mtu aliyeteuliwa humweleka kwa mara ya kwanza, humzungusha meza mara tisa akimwonyesha vyombo vya maisha, na mtoto huchukua tabia za huyo aliyemweleka. Ndiyo maana hakuna anayemteua mlevi, isipokuwa awe na ng'ombe wengi.

Na mtu haombi kumweleka mtoto. Huombwa. Wazazi humfuata nyumbani kwake na mkate na chupa ya kinywaji, naye hujifanya anashangaa.

Don Abundio alikuwa ameufanyia mazoezi mshangao wake kwa wiki kadhaa. Alikwisha kuacha hata kutema mate barabarani, kwa ajili ya tabia. Jioni moja, wakila maharage, Neydi akasema:

"Baba, Irving tumeshampatia mtu wa kumweleka."

Don Abundio akanyoosha mgongo, akaweka chapati ya mahindi chini, akauandaa uso.

"Don Gaspar amekubali."

"Gaspar yupi?"

"Wako wangapi, Abundio?" akauliza doña Bernardina.

Uso ulikuwa umeshaandaliwa kwa mshangao, kwa hiyo ulishangaa. Kisha akaokota chapati yake akaendelea kula, na tangu usiku ule hakulitaja jambo hilo tena. Wala hakuacha kulifikiri. Alimwona mjukuu wake miaka ishirini mbele, ana kofia ya nyasi, anainama kumshukuru ndege ambaye hayupo. Alilala kwenye bembea yake ya kamba akageuka huku na huku mpaka mkewe akatishia kuikata.

Sherehe ilipangwa Jumapili. Alhamisi likaja basi kubwa la walimu wastaafu kutoka Monterrey, wengi mno kwa kiongozi mmoja. Wakagawanywa mafungu mawili. Aliyewagawa alifanya kosa la kuuliza wanamtaka nani.

"Yule mchangamfu!" wakasema nusu yao, na nusu ya pili wakasema hivyo hivyo, kwa hiyo ikabidi kura ipigwe. Walioshindwa wakaangukia kwa don Abundio. Walimfuata kwa nidhamu ya watu waliokubali adhabu.

"Msiniache," aliwaambia kama kawaida yake. "Ninapokwenda, mnakwenda. Ninaposimama, mnasimama. Anayeachana nami hupotea msituni."

"Na akipotea huwa anakutwa na nini?" akauliza mama mmoja mwenye miwani, mwalimu Graciela, ambaye alikuwa bado ana matumaini.

"Hatujui. Hajapotea mtu."

Waliyaona magofu. Wakashuka senote, wakaoga kwanza kwenye mabomba kutoa mafuta ya jua waliyojipaka kukinga ngozi, wakavaa jaketi zao za kujiokolea, wakaelea kwenye maji ya kijani huku mbayuwayu wakipita juu ya vichwa vyao, na hawakuambiwa habari ya binti yeyote. Walipotoka, likaingia fungu la Gaspar. Don Abundio akawaacha watu wake wakibadilisha nguo, akapanda peke yake kuelekea kwenye uwanja wa magofu, ambako pembeni yake wanawake wa kijiji huwapikia wageni.

Nyuma yake kicheko kikapanda kutoka shimoni. Kicheko kikitoka pangoni huwa kikubwa kuliko kilivyozaliwa. Don Abundio alitembea nacho mgongoni mpaka jikoni.

Siku ile ilikuwa zamu ya Neydi. Nguruwe wa kuokwa alikuwa ameshafukuliwa kutoka shimo la makaa, akiwa katika majani yake ya mgomba, na Neydi alikuwa anaponda pilipili. Irving alikuwa kwenye kibembea chake, amekasirika, analia.

"Baba, afadhali umekuja. Nishikie mtoto, mikono yangu imejaa pilipili. Mlaze hivyo hivyo. Usije ukampanua miguu, Jumapili haijafika."

"Najua," akasema don Abundio.

Alimchukua, akamlaza mikononi kama inavyotakiwa, akatoka naye kwenye upepo. Katikati ya uwanja kuna madhabahu ya jiwe, ya mviringo, kimo cha meza. Alisimama mbele yake. Kicheko kingine kikapanda kutoka senote, na baada yake makofi.

Hapo ndipo don Abundio alipomwinua mjukuu wake, akampanua miguu, akamkalisha kiunoni, upande wa kushoto. Irving akanyamaza papo hapo. Wakatazamana.

Akaanza kuzunguka jiwe. Hakukuwa na vyombo vya maisha pale, kwa hiyo akamwonyesha vilivyokuwa mfukoni. "Huu ni ufunguo," alimwambia kwa Kimaya, taratibu. "Wa stoo ya jaketi. Hii ni filimbi. Ya kuitia watu. Hiki ni kitana." Alipofika kwenye kitana akasikia nyayo. Walimu wastaafu kutoka Monterrey walikuwa wametoka kubadilisha nguo, wamemwona kiongozi wao anakwenda mahali, na wao, kama walivyoagizwa asubuhi, walikuwa wanakwenda. Watu waliotumia maisha yao kuwapanga wengine mstari hujipanga wenyewe bila shida. Wote walikuwa nyuma yake, wawili wawili, wakizunguka jiwe.

"Tunaanza na mguu gani?" akanong'ona mwalimu Graciela.

Don Abundio alikaza macho mbele. Akisimama, ameukata mzunguko, na mzunguko uliokatwa huleta balaa kwa mtoto. Akisema, lazima aseme alichokuwa anafanya. Kwa hiyo aliendelea kutembea, shingo imemwiva, na nyuma yake shule nzima.

Ndivyo Gaspar alivyomkuta. Alitokea kwenye njia ya senote akiongoza fungu lake, kofia inadondosha maji, katikati ya kichekesho. Kichekesho hakikumalizika. Aliona kiuno, aliona miguu ya mtoto, na kati ya watu wote pale yeye peke yake, ukimtoa don Abundio, alijua alichokuwa anaibiwa. Uso wake ulififia kidogo, kama balbu umeme unapopungua. Don Abundio aliuona uso huo, na sitasema hakuufurahia.

Kisha Gaspar akakirudisha kipaza sauti shavuni.

"Mabibi na mabwana, vueni kofia. Hiki hakiuzwi. Huyu ni babu, na yule ni mjukuu wake wa kwanza, na dakika hii mtoto anaiona dunia akiwa amekaa wima kwa mara ya kwanza. Atakuwa kama huyu aliyembeba. Mtazameni vizuri huyu mtu. Hajawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Ni nani kati yenu hangetaka mtoto wa namna hiyo?"

Mwalimu Graciela akatoa miwani akajifuta. Wengine wakafuata. Gaspar akashusha sauti, akahamia Kimaya.

"Don Abundio. Huo wa saba."

"Wa nane," akasema don Abundio, meno yamekazwa.

"Wa saba, mzee. Bado miwili. Usikimbie, utamwangusha."

Alimaliza miwili. Makofi yakapigwa, makubwa mpaka piramidi ikayajibu, na yalikuwa makofi ya kwanza aliyowahi kupigiwa don Abundio katika kazi yake. Alijua vizuri kabisa ni ya nani.

Neydi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba! Umefanya nini?"

"Hakuna."

"Mtoto amekaa kama mpanda farasi, halafu unaniambia hakuna?"

"Alikuwa analia."

"Mtoto gani aliyewahi kulia asitulizwe na titi! Kama ulitaka kumweleka, si ungesema?"

"Si ungeniomba!"

"Nikuombe wewe cha nini? Wewe ni babu yake. Damu yako anayo. Masikio yako anayo, mtazame, maskini. Nilitaka kumwongezea kitu ambacho kwetu hakipo."

"Kitu gani hakipo kwetu?"

"Ulimi, baba! Mimi nimekulia nyumba ile. Ilikuwa kama kanisani siku ya Jumatatu." Akampokonya mtoto kwa mikono yake ya pilipili, akakumbuka, akamrudisha haraka. "Sasa Jumapili tunafanyaje?"

Don Abundio akafungua mdomo, na yeyote anayemfahamu angejua ni neno gani linatoka. Akaufunga.

Basi lilipoondoka, Gaspar alikwenda mwenyewe jikoni, kofia mkononi.

"Comadre," alimwambia Neydi, kama mwelekaji anavyomwita mama wa mtoto, "nilishaanza kukuita hivyo, acha nimalizie leo. Mtoto hana mara ya kwanza mbili. Amweleke yule aliyekwisha kumweleka. Ile chupa nitairudisha. Mkate tumekwisha kuula, nisameheni."

Don Abundio alikuwa nyuma ya tanuri, akisikia yote. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi angeyabeba. Jioni mkewe alimkuta amekaa, hajala.

"Umeshinda, sasa una nini tena?"

"Hata kushindwa anajua kuliko mimi," akasema don Abundio.

Jumapili meza ikawekwa, na mbegu za maboga, na mayai ya kuchemsha, na kalamu, na panga, na simu ambayo Wilberth alishikilia kwamba nayo ni chombo cha maisha. Don Abundio alimweleka mjukuu wake mbele ya watu, kihalali, akamzungusha mara tisa bila kukosea. Neydi, kwa heshima, alikuwa amemwalika Gaspar. Akakaa karibu na mlango, akatafuna mbegu za maboga, akawasimulia wazee habari za bibi mmoja wa Ujerumani na iguana. Irving alizungushwa mara tisa, na mara zote tisa shingo yake ilikuwa imegeukia mlangoni.

Sasa ana miaka sita. Anatembea kama babu yake, mikono nyuma, bega la kushoto chini. Anaongea kutwa kucha.

"Nilimweleka mimi," don Abundio hulalamika kwa yeyote anayesimama karibu. "Lakini alikuwa anamsikiliza yule."

Mwezi uliopita, siku ya likizo, alimchukua akatembeze naye wageni. Kwenye mdomo wa senote mtalii mmoja akauliza, je, ni kweli pana binti mfalme aliyejirusha hapa? Don Abundio akavuta pumzi kusema alichosema siku zote, lakini Irving akamtangulia.

"Hakujirusha. Aliteleza. Alikuwa hajasuuza mafuta ya jua."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Don Abundio hakucheka, hajazoea. Aligeuka tu kutazama ng'ambo ya shimo, ambako Gaspar alikuwa amesimama na fungu lake, kimya, kipaza sauti kimening'inia shavuni, akimtazama yule mtoto na kumeza mate.

Don Abundio alilitazama koo hilo likipanda na kushuka. Akalitazama mara ya pili, asije akawa amekosea.

"Twendeni," akasema.