Miaka Minne ya Kumjibia Papa

Nianze na daktari wa kwanza, maana huyo bado ananipandisha hasira hata nikiwa jikoni nakata vitunguu. Papa alikaa mbele yake, mikono juu ya magoti, shati la Jumapili limefungwa hadi shingoni. Daktari alikuwa na barakoa usoni na macho yake kwenye kompyuta. "Muzee analala vizuri?" aliuliza, na kabla Papa hajasema neno akanigeukia mimi. Nikasema analala vibaya. Je, anasahau vitu? Nikasema anasahau. Dakika saba hazikuisha, tukatoka na karatasi ya vidonge na habari kwamba akili ya baba yangu imeanza kuchoka. Njiani Papa aliniuliza daktari kasema nini. Nikamwambia ni dawa ya usingizi, ameze tu.

Baba yangu anaitwa Cirimwami. Alivuka mpaka kutoka Walungu, Kongo, akiwa kijana, akapata kazi katika kiwanda cha misumari kule Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, akakaa humo miaka ishirini na sita. Mashine zilikata waya na kuupiga kichwa kutwa nzima, na hakuna bosi aliyewapa kitu cha kuziba masikio. Walichana sponji ya godoro kuukuu wakaisokomeza masikioni. Kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake, walizungumza kwa mikono na kwa kutazamana midomo. Papa alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mtu angemsimulia ugomvi wake na mkewe kutoka upande wa pili wa ukumbi, na Papa angecheka pale panapostahili.

Ujuzi huohuo ndio uliotudanganya sote. Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, mambo yakaanza kuharibika. Papa aliacha bomba wazi, maji yakamwagika nyuma yake hadi ua mzima ukawa tope. Majirani walimsalimia akapita kimya, na hapa Bwiza usipoitikia salamu ya Mathilde wa duka la kona, mtaa wote utajua kabla hujafika nyumbani. Kwanza wakasema Papa anajidai. Halafu wakasema amerogwa. Mwisho wakakubaliana na daktari kwamba ni akili, na mimi, binti yake ninayekaa naye nyumba moja, nikakubali pia.

Kaka yangu Landry anaishi Kinanira, mtaa mwingine wa mji huuhuu. Huja mara moja kwa mwezi, na huongea akitazama simu yake. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba Papa apelekwe Walungu kwa mdogo wake Papa, Byamungu, eti akapumzike. Mke wa Landry yuko hai, yuko naye Kinanira. Wa Papa amezikwa hapa Bujumbura, na Papa huenda kaburini kila mwezi kwa miguu. Hayo hayakumzuia Landry kuita ukoo uje kwetu Jumapili kupanga safari.

Ijumaa kabla ya kikao hicho, Papa alianguka kwenye ngazi ya mlangoni. Vile vidonge vilikuwa vinamlegeza. Nikampeleka kwenye kliniki nyingine, kwa daktari mmoja mama anayeitwa Candide. Naye alivaa barakoa.

"Muzee, ulianguka namna gani?"

Nikaanza kueleza.

"Sikukuuliza we, mama," aliniambia.

Papa alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Daktari akashusha barakoa hadi kidevuni na kurudia swali kwa sauti ileile. Papa akamweleza yote, ngazi, mguu, kizunguzungu. Daktari akapandisha barakoa tena na kumuuliza ana wajukuu wangapi. Papa akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nilifungua mdomo, daktari akaninyooshea kiganja nikae kimya. Kwa hiyo nilikaa nikamtazama baba yangu akikubali swali ambalo halikumfikia. Niliona aibu.

Daktari alimulika masikio ya Papa, hakukuta uchafu ulioziba. Akamuuliza kazi aliyofanya, na Papa akamwonyesha mashine kwa mikono. Daktari akasogeza kiti hadi kwenye mwanga wa dirisha, uso kwa uso, akasema polepole bila kupaza sauti: "Muzee, akili yako ni nzima. Ni masikio, makelele ya kazi ndiyo iliyaumiza." Akamwandikia aende kupimwa na daktari wa masikio. Akasema kuna vifaa vya kuvaa vinavyoweza kusaidia, ingawa havitarudisha kila kitu. Vidonge akavisimamisha. Kisha akamuuliza ilianza lini.

"Mbele ya mama yabo kufa," yaani kabla Mama hajafariki.

"Juu ya nini hukusema?" Daktari alitaka kujua sababu.

"Nani aliniuliza? Badokta bote banaulizaka Chance."

Chance ni mimi, na kweli madaktari wote walikuwa wakiniuliza mimi. Nilitoka pale nikiwa na hasira na kiwanda, na yule daktari wa kwanza, na Landry, na nilipofika nyumbani hakukuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kumkasirikia ila mimi.

Jumapili ukoo ukajaa sebuleni. Landry aliongea sana, kisha akanigeukia. "Chance, Papa atakubali, si vile?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea ya miaka minne. Nikalimeza. "Muulize yeye. Weka ile simu, kaa mbele yake."

"Papa hatafahamu."

Nilizima televisheni, nikachukua kiti nikakiweka mbele ya Papa, nikasimama hapo mpaka Landry akakaa. Akamuuliza. Papa aliitazama midomo ya mwanawe hadi ikatulia.

"Hii maneno ya Walungu, mulianza kuisema wakati gani?"

"Miezi mbili, Papa."

"Wapi?"

Landry alikohoa. "Hapa. Ku meza. Tukikula."

"Na mi nikiwa hapa?"

"Ndiyo, Papa."

Papa alisema apana, hatakwenda, na akalisema mara moja tu. Kisha akanigeukia.

"Na we, Chance, ulikuwa unaongea nabo?"

Nikachuchumaa mbele yake ili aone vizuri midomo yangu, nikamwambia ndiyo.