Volti za Waya Usio na Kazi

Miaka kumi na miwili nafundisha fizikia, na mwanafunzi akikosea kugawanya volti kwa ampea namfokea mpaka darasa la jirani wanasikia. "Ukinzani ni volti gawanya kwa mkondo! Nguvu ni volti mara mkondo! Kuna nini hapo cha kukushinda?" Ndivyo nilivyo, mdomo sina breki. Sasa niseme na la kwangu.

Baba yangu alichoma kuni kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, ujana wake wote, na uzee ulipofika mapafu yakagoma. Hospitali ya mjini Tabora walimruhusu arudi nyumbani, mbele kidogo ya Kigwa, wakatuazima mtungi wa oksijeni. Walituambia wazi: mtungi ni wa siku chache, kuna wagonjwa wengine wanaungoja. Baada ya hapo atumie mashine inayovuta hewa na kuichuja, na hiyo tulishaipata, mtumba kutoka Dar. Bila mtungi na bila mashine, baba hana pumzi. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo.

Mashine inataka umeme, na umeme umeishia kwa kaka yangu, karibu na reli, mita mia sita kutoka kwa baba. Utasema si ahamie kwa kaka? Tulisema. Lakini kwa kaka kuna mke wa kaka, na kwetu baba mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Hata njiani wakikutana, wifi huchepuka majanini na kuinamisha uso mpaka mzee apite. Wifi mwenyewe alijitolea ahamie kwa jirani na watoto. Baba akakataa katakata.

"Nimtoe mama wa watu nyumbani kwake kwa ajili ya pumzi? Mniache nife na adabu yangu."

Basi tukavuta waya. Mwembamba, ule wa kufungia taa, vipande vimeungwaungwa, umepita juu ya nguzo za miti na matawi ya mikorosho. Mimi ndiye mtaalamu, nani aniulize? Mashine imeandikwa wati mia tatu tisini. Gawanya kwa volti mia mbili thelathini, unapata ampea moja nukta saba. Kidogo tu, nikasema, pasi ya nguo inakula zaidi. Asubuhi nikaazima mita ya shule, nikaichomeka mwisho wa waya, chumbani kwa baba. Volti mia mbili ishirini na nane! Nilipiga kigelegele.

"Mama, umeme umefika?" Baba aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Umefika mzima, baba. Haujapungua hata kidogo."

"Basi huo mtungi urudisheni, kuna mtu anauhitaji."

Kaka alikuwa ameshawasha pikipiki. Aliniuliza mara moja tu, "Dada, tusiiwashe kwanza mashine?" Nikamjibu kwa ule mdomo wangu, "Wewe umesoma fizikia wapi? Namba si hizo? Wahi, jua lisikukute njiani." Baba akabaki ameketi kitandani, anapumua mwenyewe na kunitabasamia. Kaka akaondoka na mtungi. Mimi nikapika uji kwanza, saa nzima, jamani. Uji!

Nilipoiwasha mashine ikaguna, ikalia pii, taa nyekundu, ikazima. Nikawasha tena. Safari hii niliweka mita palepale huku inaguna: volti mia moja themanini. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimepima waya usio na kazi. Waya ni kama mtu mzembe, uzembe wake huuoni mpaka umpe mzigo. Pasipo mkondo haupotezi hata volti moja; mkondo ukipita ndipo unakula. Volti arobaini na nane zilizopotea, gawanya kwa moja nukta saba: ukinzani wa omu ishirini na nane, umelala kwenye mikorosho. Arobaini na nane mara moja nukta saba: wati themanini na kitu zinapasha joto matawi, na baba yangu anabadilika rangi midomo. Swali hilohilo nimewafokea nalo watoto wa watu. Kweli mganga hajigangi.

Nikampigia kaka. Alishaukabidhi mtungi, na mwenye zamu alikuwa ameshauingiza wodini.

Majirani wanne wakambeba na kitanda chake cha kamba. Mimi nilikwenda ubavuni pake, mashine kichwani. Baba hakuweza kusema, lakini tulipokata kona ya kwa kaka alielewa tunakompeleka, akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Nikamwambia, "Baba nisamehe, ni kosa langu, si adabu yako." Sijui kama alisikia.

Wifi alikuwa ameshatoka ndani na watoto wote. Alipiga magoti kwenye mahindi, khanga usoni, akisema bila kututazama, "Mwingizeni, mwingizeni, nyumba ni yake."

Tukamlaza sebuleni. Nikachomeka mashine, nikamvalisha mpira puani. Taa ya kijani ikawaka papo hapo, ikaunguruma vizuri, hewa inatoka, naisikia kidoleni. Jirani mmoja akamgusa baba shingoni, akanitazama, akavua kofia.

Sikuizima. Mita ilikuwa bado mkononi, nikapima, sijui kwa nini. Volti mia mbili ishirini na tisa, na mzigo umewashwa. Nikazidisha kwa moja nukta saba bila kutaka: wati mia tatu themanini na tisa. Zilikuwepo zote.