Bibi Zambarau na Mshumaa wa Nne

Jirani yangu msusi ndiye aliyeniletea habari. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mimi naanika nepi, yeye kaegemea ukuta na kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe.

"Mama Kifaranga, umesikia? Bibi Zambarau anakunywa."

"Anakunywa nini?"

"Wewe nawe! Angekuwa anakunywa maji ya bomba ningekuja kukuambia? Pombe, mwenzangu. Mtu mwenye akili zake atatandika kitambaa cheupe siku ya Majilio?"

Kifaranga ni mwanangu. Ana miezi saba, na majirani wamempa jina hilo kwa sababu kutwa nzima hafungi mdomo. Bibi Zambarau ndiye anayetunza madhabahu ya kanisa letu. Sisi Walutheri tuna Jumapili nne za kungoja kabla ya Krismasi, ndiyo Majilio, na siku zote hizo madhabahu huvaa zambarau. Nyeupe hutolewa Krismasi yenyewe. Kutandika nyeupe Jumapili ya kwanza ni kama kumpigia mgeni vigelegele naye hata kwao hajatoka.

Na kweli alitandika. Mchungaji alitoka sakristia, kile chumba cha vifaa kando ya madhabahu, na skafu yake ya zambarau shingoni, akaitazama madhabahu, akasimama kidogo, kisha akaendelea kama hajaona. Wanakwaya walikanyagana miguu. Katibu wa baraza la wazee alitoa kalamu akaandika kitu.

Nilimwambia msusi sijui. Akasema, "Wewe hujui kamwe," akaenda kumweleza mwingine.

Bibi Zambarau alikuwa dobi wa hospitali tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Mikono yake ni mikubwa kuliko mwili wake. Akikusalimia kwa mkono, unaona anapapasa upindo wa mkono wa gauni lako, kisha anasema, "Hii sabuni umeikimbiza, hukuisuuza." Alikabidhiwa funguo za kabati la vitambaa mwaka aliofiwa na mumewe, na sasa ni miaka ishirini na sita. Anaishi chumba kimoja nyuma ya tangi la maji la kanisa. Binti yake yuko mji mwingine, ghorofa ya nne, na kila anapopiga simu anamuuliza mama yake aje kumchukua lini. Jibu huwa lile lile: "Nina kazi ya kanisa." Akishakata simu husema, "Nikaketi ghorofani nisikilize televisheni ya watu? Siku wakininyang'anya funguo hizi sitakuwa na la kumjibu."

Mwezi ule usafi wa Jumamosi ulikuwa zamu ya mtaa wetu, na waliofika tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja muuza maandazi ambaye hupiga deki mbio mbio akakimbilie jiko lake. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilibaki peke yangu na Bibi. Nilimlaza Kifaranga kwenye mkeka, nikaingia sakristia kumsaidia kukunjua vitambaa. Nilisimama karibu naye sana. Alinukia sabuni.

Akatoa kitambaa kabatini, akakipitisha vidoleni kutoka pembe hii mpaka ile.

"Hiki ndicho cha zambarau, eti?"

Kilikuwa cha kijani.

"Hicho kijani, Bibi. Cha zambarau kiko chini yake."

Alikikunja, akakirudisha, akatoa cha chini. Kisha akaketi juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo.

"Kile cha zamani nilikitia kiraka kwa mkono wangu," akasema. "Hata usingizini ningekijua. Sasa kina mama wametushonea vipya vinne, Mungu awabariki, kitambaa kimoja, uzito mmoja, matamvua yale yale. Nimevipapasa wiki nzima."

"Macho tangu lini?"

"Mwaka juzi ukungu. Mwaka huu naona mwanga tu, na mtu akipita mbele yake." Akacheka. "Wewe ni mwanga uliozibwa. Mnene kidogo."

"Nimejifungua juzi tu, Bibi."

"Miezi saba unaita juzi!"

Siku ile nilishona vifungo vidogo ndani ya upindo: kimoja kwa zambarau, viwili nyeupe, vitatu kijani, vinne nyekundu. Alivihesabu kwa kidole gumba mara tatu. Akaniambia baada ya Krismasi atamweleza mchungaji kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini Majilio haya anataka ayamalize kwa mikono yake, asiondolewe katikati kama mlevi.

Jumapili ya pili mambo yalikwenda sawa. Madhabahu ilivaa zambarau. Taji la Majilio, yaani lile duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, ambayo Bibi huiwasha mbele ya watu, mmoja zaidi kila Jumapili, lilikuwa kwenye stendi yake ya chuma pale pale, hatua saba kutoka mlango wa sakristia. Zile hatua nilizijua sasa, nikawa nazihesabu naye kimoyomoyo kutoka kiti changu cha nyuma. Mimi hukaa nyuma, karibu na mlango. Kifaranga akianza kuhubiri, mzee wa mlangoni ananikodolea macho, natoka naye nje. Mahubiri ya mwaka huu nimeyasikia nusu nusu.

Jumapili ya tatu ndiyo iliyoharibika. Jumamosi jioni, sisi tumeshaondoka, kwaya walileta kinanda kipya. Waya wake ulikuwa mfupi, wakakiweka pale penye umeme, na stendi ya taji wakaisogeza upande wa kushoto, karibu na viti vya mbele. Hakuna aliyemwambia Bibi. Kwa nini wamwambie? Taji linaonekana.

Alitoka sakristia, hatua saba, akasimama wima. Akawasha kiberiti. Akakipeleka taratibu kwenye kipaza sauti cha mwalimu wa kwaya.

Sifongo ya kipaza sauti ilianza kunuka. Mwalimu wa kwaya akaipuliza, akamshika Bibi mkono, akachukua kiberiti, akaenda kuwasha mishumaa mitatu mwenyewe. Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Leo nyimbo zitakuja zimeiva." Watu wakacheka ndani ya vitabu vyao. Msusi aligeuka kutoka safu ya tatu akanitafuta kwa macho, akanipata, akainua nyusi.

Baada ya ibada nilimkuta Bibi mlangoni na katibu wa baraza. Katibu huyo ni mtu wa makamo, mpole, haongei mpaka amevua miwani.

"Mama, sisi tunakuheshimu," alikuwa anasema. "Lakini watu wanasema. Jumapili ijayo ikiharibika tena, utatukabidhi funguo kabla ya Krismasi. Tumekubaliana hivyo."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Kama kuna jambo, tuambie."

"Jambo lipo, nalo lina siku yake. Msalimie mkeo."

Jumamosi ya mwisho nilifika mapema. Muuza maandazi hakuja. Bibi alikuwa amekwisha kutandika. Nilipapasa upindo, kifungo kimoja. Kinanda kilikuwa pale pale, na stendi ya taji pale walipoihamishia. Alikuwa anajaribu njia. Hatua saba za kunyooka anaziweza. Njia mpya ilikuwa ya kukata mshazari, na mshazari ulimpoteza kila mara. Mara ya kwanza aligota kinanda. Mara ya pili aliishia kwenye mimbari, akaishika, akasema, "Samahani, mchungaji." Mara ya tatu nilimshika kabla ya ngazi.

"Kesho nikushike mkono?" nikamuuliza.

"Wakuone unaniongoza? Watasema siwezi hata kusimama."

Nikaendelea kufuta viti. Kifaranga nilikuwa nimemketisha kwenye mkeka mbele ya kiti cha kwanza cha kushoto, na kijiko cha mti mkononi. Akaanza hotuba yake, da-da-da-da, bila nukta. Nikainuka kwenda kumnyamazisha, mazoea.

"Mwache," Bibi akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni pa sakristia, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Akaanza kutembea. Hakuhesabu. Alikata mshazari, akapita kinanda bila kukigusa, akaja moja kwa moja kuelekea sauti ya mtoto, mpaka mkono wake ukagusa chuma cha stendi. Akapanda nao juu, akapata majani, akapata mishumaa. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Kifaranga akamtazama, akaendelea kuongea.

Alirudi mlangoni, akarudia. Mara ya pili alifika bila kusita.

Kisha akaketi kwenye kile kiti cha kwanza, akamwinua mtoto, akapapasa kola yake.

"Hii umeisuuza vizuri," akasema. "Kesho unakaa wapi?"

"Nyuma, Bibi. Kama kawaida."

"Mwanangu, nakuomba. Kesho kaa hapa, pembeni kabisa, umpakate uso wake uelekee sakristia. Mzee wa mlangoni akikutolea macho, wewe soma kitabu cha nyimbo. Mtoto akianza kuongea, usimnyamazishe."

"Na asipoongea?"

"Mcheleweshee ziwa kidogo."