Rambirambi za Matairi

Wengine wakisikia harufu ya mpira unaoungua hukohoa. Mimi hupandwa na hasira. Juzi nilipita nyuma ya soko la Kasulu, nikamkuta kijana amechutama juu ya tairi lenye kipara, mkononi ana kisu kilichotoka kwenye makaa, anachonga meno mapya mahali ambapo ya zamani yalikwisha kitambo. Moshi mweusi ukanijia usoni. Nikasimama pale na kikapu changu cha mboga, mtu mzima na akili zangu, nikitamani kumpiga mtu. Kijana yule hakuwa amenikosea kitu. Watu niliotaka kuwapiga wako Kitahana, na wengi wao wameshakufa.

Tulikaa Kitahana enzi ambazo hata Kakonko ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kibondo. Baba alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua ikiwa imelala gereji, majani yameota ndani, akaifufua kwa miezi ya spana na matusi. Upande wetu wa mlima hapakuwa na gari jingine. Siku za soko ilibeba maharage na ndizi za watu kwenda Kibondo mjini, na kwa hiyo tulilipwa, ingawa si sana. Siku nyingine ilibeba wagonjwa kwenda hospitali na maiti kurudi nazo, na kwa hiyo hatukulipwa. Baba alisema maiti hatozwi nauli, na mgonjwa akitozwa atakufa kwa uchungu wa hela kabla ugonjwa haujamfikia.

Waliopelekewa maiti wao walimshika Baba kwa mikono miwili, wakamwita ndugu. Matanga yakiisha walirudia jina lake la kila siku: mtu wa kuja. Alizaliwa ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi, akavushwa akiwa mgongoni mwa bibi, na karatasi za uraia alizokuja kupewa hazikulifuta jina hilo midomoni mwao. Shukrani ya punda ni mateke, na punda wa Kitahana walikuwa wengi.

Mwaka ninaousema, matairi ya Landrova yalikuwa yamekwisha. Sisemi yamechakaa, nasema yamekwisha. Nyuzi zilitokeza pembeni kama za shuka la zamani, na ndani Baba alikuwa ameshindilia vipande vya tairi jingine ili tyubu isichungulie nje. Kiangazi gari lilitembea hivyo hivyo. Lakini mvua zikianza, mteremko wetu wa udongo mwekundu huwa sabuni, na gari lenye vipara haliushuki, linaanguka nao.

Na Mama alikuwa mjamzito. Mimi alinizaa kwa kisu. Aliyenifuata alifia njiani, Mama akiwa juu ya machela, kabla hatujapata gari. Mganga wa zahanati alimwambia wazi kwamba safari hii uchungu ukianza asichelewe, awe hospitali ya Kibondo siku hiyo hiyo. Mjini hatukuwa na ndugu wa kumpokea akasubirie huko. Kwa hiyo habari ya matairi haikuwa ya biashara. Ilikuwa ni Mama afike au asifike.

Baba akaenda Kasulu kuyatafuta, na Mama akanilazimisha nifuatane naye. Baba alikuwa na hasira za karibu, na Mama aliamini kwamba mbele ya mtoto hatampiga mtu. Muuzaji wa kwanza alikuwa na matairi meusi, yanang'aa kama viatu vya Pasaka. Baba akakwangua moja kwa ukucha, ukucha ukatoka na rangi ya viatu. Akainama, akalinusa, nami nikalinusa. Ndipo nilipoijua ile harufu.

"Hili limechongwa," Baba alisema.

"Mzee, limechongwa kwa bei yako," yule mtu akajibu, na wenzake wakacheka. "Ukitaka kisichoisha meno, kanunue punda."

Baba akanitazama. Kisha akanishika mkono tukaondoka. Mpaka leo najuta kwamba nilikuwepo.

Matairi ya magari madogo yalikuwa tele, lakini Landrova ilivaa saizi ndefu na nyembamba ambayo hakuna aliyejishughulisha nayo. Tulizunguka mpaka miguu ikaniwaka. Mwisho tukampata mfanyabiashara mmoja wa Kikongo, ana manne yaliyotolewa kwenye magari ya shirika fulani la kambi ya wakimbizi, meno yake bado yameshiba. Yalikuwa nafuu kuliko mapya kwa mbali sana, na bado tulichokuwa nacho kilitosha mawili tu.

"Papa, mi nitakuchungia," alisema, akiyarudisha chini ya turubai. "Lakini mvula ikiwa nguvu, mi nauzisha. Na mi niko na batoto."

Hayo ndiyo maneno ya wema niliyoyasikia mwaka ule, na sikumbuki mengine.

Jumapili Baba akaomba nafasi baada ya matangazo ya kanisa. Hakujua kuomba, alisimama kama mtu anayedai. Akasema gari ni lake, lakini safari zimekuwa za wote, na mvua iko mlangoni, na mkewe wanamwona alivyo. Akaketi. Kisha akainuka Mzee Kayanda, mzee wa kanisa, ambaye mama yake mzazi alirudishwa kutoka hospitali kwa Landrova ile ile.

"Bwana, gari ni lako," alisema. "Faida yake hujawahi kutugawia, mzigo wake unatugawiaje?"

Nyuma mtu akasema watu wa kuja hawachoki kuomba, na benchi zima likacheka, ndani ya nyumba ya Mungu.

Walikuwa maskini, hilo nalijua, msidhani silijui. Lakini wiki hiyo hiyo alifariki mzee mmoja wa bondeni, tukaenda wote kuzika, na sahani ya rambirambi ikajaa mpaka ikaletwa ya pili. Kumbe hela zilikuwepo. Baba aliitazama ile sahani kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jeneza.

Siku chache baadaye, Mama alipokwenda kliniki, Baba akachukua jeki, akayafungua magurudumu yote na kulikalisha gari juu ya mawe. Akatoa mabenchi nje. Akawasha moto wa magogo uani asubuhi kweupe, akatandika mkeka, akaketi chini na blanketi mabegani. Mbele yake akaweka kigoda, na juu ya kigoda sahani.

"Kaa hapa," aliniambia. "Usiseme kitu."

Kwetu moto wa magogo uani mchana una maana moja tu. Wakaanza kuja kabla moto haujashika vizuri, wanaume na kuni mabegani, wanawake na unga kichwani. "Mwihangane," walimwambia Baba, ndivyo tunavyowapa pole wafiwa. Walipouliza, Baba alijibu, "Ndiyo hivyo," akarudi kuutazama moto. Wakamtafuta Mama kwa macho, hawakumwona. Wakanitazama mimi, niko peke yangu. Ikawatosha.

Wakalia. Wanawake ambao hawakuwahi kuniita kwa jina langu walinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Mmoja alinipakata kama mtoto mchanga, akisema, "Pole mwanangu, Mungu atakulea." Siwafichi, mwanzoni nililipenda joto lile. Kisha nikaanza kuogopa, nikawaza labda wanajua jambo ambalo mimi silijui, labda Mama kweli amefia njiani, nikalia kuliko wao wote. Sahani ikajaa. Mzee Kayanda aliweka noti, tena kubwa, akaikunjua ili ionekane.

Mama akatokea kwenye njia ya migomba, mwavuli mkononi, tumbo mbele. Mwanamke aliyenipakata akaniachia nikaanguka. Kilio kikakatika hivi.

"Nani amekufa?" Mama akauliza.

Baba akasimama, akavua blanketi, na kama inavyofanyika kila msiba, akasoma wasifu wa marehemu, ila hakuwa na karatasi.

"Marehemu ni huyu," alisema, akainyooshea kidole Landrova. "Amekufa kwa kukosa miguu. Enzi za uhai wake alimrudisha nyumbani mama yake Mzee Kayanda." Akaendelea jina kwa jina, nani alibebwa akiharisha, nani akitoka damu, nani ndani ya sanduku, mpaka watu wakawa wanatazama chini. "Ameacha mjamzito mmoja. Asanteni kwa rambirambi."

Mzee Kayanda akasonga mbele. "Umetutoa machozi kwa ajili ya mkeo, naye yu hai," alisema. "Umekiita kifo kwa mkono wako. Mchuma janga hula na wa kwao."

"Chukueni hela zenu, basi," Baba akasema, akakisogeza kigoda kwao.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kwetu rambirambi hairudishwi. Anayeitoa sahanini anakibeba kifo chenyewe kwenda nacho nyumbani kwake. Baba alilijua hilo fika. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na yule aliyenipakata alikuwa anajifuta mikono kwenye kitenge chake.

Mama akachukua ndoo, akaumwagia moto maji.

"Umenizika," alimwambia Baba.

"Nimekununulia matairi."

Hakumsemesha tena. Baba alikwenda Kasulu kesho yake, na Mkongo alikuwa ametimiza neno lake. Mvua zikaja na nguvu zake zote. Uchungu ulipoanza ilikuwa mchana na maji yanashuka njiani kama mto. Mama alisimama mbele ya gari, akayatazama yale matairi moja moja, akapanda bila neno. Niliketi nyuma nimeshika upinde wa turubai. Nakumbuka meno yakiuma udongo, yakiutema, yakiuma tena, na Baba akiongea na gari kwa Kirundi, lugha ambayo mbele za watu hakuitumia. Tulifika. Filbert, mdogo wangu, alizaliwa kwa kisu jioni ile, na Mama alipozinduka alimwambia Baba neno la kwanza tangu siku ya moto: "Nipe maji."

Baba aliendelea kuwabebea wagonjwa na maiti wao, hakumkataa hata mmoja. Walipanda wakitazama nje. Hakuna aliyemwita ndugu tena, na mimi niliamini hiyo ndiyo bei, nikaona ni rahisi.

Baba alifariki mwaka juzi. Walikuja. Kaburi walilichimba, maana hilo hakuna anayethubutu kulikwepa. Filbert, sasa kijana mrefu kunizidi, akazungusha sahani kwenye mabenchi, na ilimrudia tupu. Nikainuka, mdomo umejaa maneno. Mzee Kayanda, amekwisha kuzeeka, akaniwahi bila hata kuinua sauti.

"Binti, usikasirike. Huyu rambirambi zake alishapokea."

Vichwa vikatikisika kukubali. Mama aliyekuwa mkekani akafunua uso.

"Ni kweli," alisema. "Alizipokea. Nikazipanda mimi hadi hospitali, na huyu mwenye sahani akiwa tumboni."

Utotoni niliamini Baba alifanya vile kwa hasira tu, awaaibishe, na nilijivunia. Pale mkekani ndipo nilipoelewa kwamba siku ile alikuwa anauza kitu, na alikijua. Mtu wa kuja hana ukoo mlimani. Alicho nacho ni watu watakaomlilia siku yake ikifika. Baba aliwatoa hao kwa matairi manne yaliyokwisha kutumika, na miaka yote aliyoishi baadaye hakuwahi kulalamika kwamba yalikuwa ghali.