Dakika Nane kwa Ndege

Nusura nikose mume kwa sababu ya simu ya baba mdogo.

Wakwe zangu walikuwa wanatoka Tororo kuja kwetu Nambale kuzungumzia mahari, na walipewa saa saba mchana. Kwetu wageni wa mahari wakipitisha saa, lango linafungwa na wanaweza kurudishwa kwao. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mwenye neno la mwisho alikuwa baba mdogo. Mimi nilifichwa chumba cha ndani na senje, dada yake baba, maana msichana haonekani mpaka aitwe mbele ya wazee awatambue wageni wake.

Saa saba ikapita. Mchumba wangu akanipigia kutoka mpakani Malaba. Trela lilikuwa limelalia barabara upande wa Uganda, magari yote yamekwama, na babake alikuwa ameshuka anavuka mpaka kwa mguu, yule mzee wa nyonga mbovu. Wangetafuta gari lingine wakishafika upande wetu. Senje akatoka kuwaeleza wazee.

Baba mdogo hakutaka maelezo. Alikuwa ametafuta kwenye simu umbali kati ya kiwanja cha ndege cha Tororo na kile cha Busia kilicho karibu nasi, na dirishani nilimsikia akiwasomea wazee: dakika nane. Kama ni dakika nane kwa ndege, akasema, basi hata kwa gari mtu anayetuheshimu angekuwa amefika kitambo. Wazee wazima wakatikisa vichwa, wakakubali. Hakuna aliyeuliza ni ndege gani hiyo. Nimepita kando ya kiwanja cha Busia tangu utotoni na sijawahi kumjua mtu aliyepanda ndege pale kwenda Tororo. Mpaka wa Malaba haupimwi kwa ndege, unapimwa kwa malori, na wale wazee wote walilijua hilo.

Akaagiza lango lifungwe.

Hasira ilinipanda. Senje alinishika kanga, nikamwachia kanga yenyewe. Nilitoka, nikapita katikati ya viti vya wazee bila kuitwa, jambo ambalo sijaona msichana mwingine akilifanya kwetu.

"Baba mdogo," nikasema, "huyo mzee anatembea na mguu mgonjwa kwa sababu yangu. Ukimrudisha, mimi pia naenda na yeye. Halafu nyinyi mtanifuata huko Tororo, na mimi nitawapimia dakika nane."

Akasema msichana anayetoka kabla ya kuitwa anaolewa bila baraka.

"Sawa," nikamjibu. "Lakini lango halifungwi."

Nikalifungua mwenyewe na kusimama hapo, kichwa wazi, jua la mchana likinichoma. Nilisimama muda mrefu, na miguu iliponiuma sikukaa. Hakuna aliyethubutu kunisogeza.

Walipofika, mkwe wangu alikuwa na vumbi mpaka magotini na fimbo ya kuazima mkononi. Aliponiona langoni alishtuka, kwa maana hata kwao hilo halifanyiki. Akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa.

Nikamshika mkono, nikampitisha mbele ya baba mdogo, nikamkalisha kwenye kiti cha marehemu baba yangu.